Je, halmashauri isomeshe madaktari wake kwa mapato ya ndani?

Mwalimu wa Kata (Kigoma) ameuliza:

Ndugu zangu, habari za majukumu. Mimi ni mwalimu wa Biolojia katika shule ya sekondari ya kata, katika wilaya mojawapo ya Mkoa wa Kigoma. Diwani wetu ameniomba nimwandikie maelezo ya kurasa mbili, atakayoyapeleka kwanza kwenye Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango na baadaye kwenye Baraza la Madiwani, kuhusu wazo ambalo limezungumzwa huku kwetu kwa muda sasa: kwamba halmashauri itenge fungu katika mapato yake ya ndani, isomeshe kila mwaka vijana wawili au watatu wazaliwa wa wilaya katika shahada ya udaktari, nao waingie mkataba wa kurudi kuhudumu katika vituo vya afya vya hapa hapa.

Kinachotusukuma ni hiki. Kituo chetu cha afya kina chumba cha upasuaji kilichokamilika, chenye kitanda na taa, na wananchi walichangia mawe na mchanga wa ujenzi. Daktari wa kwanza aliyepangwa alikaa miezi kumi na minne akapata uhamisho. Wa pili aliripoti, akajaza fomu, na muda si mrefu akaondoka kwenda masomoni. Hivi sasa mama anayehitaji kupasuliwa husafirishwa usiku kwa barabara ambayo wakati wa masika haipitiki kila siku. Sisemi haya kwa kumlaumu yeyote. Mimi mwenyewe niliomba uhamisho mara mbili kabla sijaoa huku.

Wakati huo huo, binti mmoja niliyemfundisha hadi kidato cha nne, ambaye baba yake ni mvuvi wa dagaa, alimaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) akiwa na Daraja la Kwanza. Alichaguliwa kusoma udaktari katika chuo kisicho cha serikali, akapata mkopo ambao haukufika kwenye kiasi cha ada, na familia ikashindwa kuziba pengo. Leo anasoma shahada nyingine ya gharama nafuu. Na mkopo wenyewe, hata ukitosha, haumfungi mtu mahali: anayerejesha asilimia 15 ya mshahara wake akiwa Masaki, Dar es Salaam, na anayerejesha akiwa Kalya, huku mwambao wa ziwa, wanakatwa sawasawa, ingawa mmoja wao amebeba mzigo ambao mwenzake hajaujua.

Naomba mnisaidie kujua kama wazo hili lina miguu, mkataba wa namna hiyo uwe wa miaka mingapi, na anayeuvunja afanywe nini. Naomba pia mnieleze bila kunihurumia kama kuna njia bora ya kutumia fedha hizo hizo, kwa sababu diwani wetu ni mtu mwenye ari na nisingependa nimpeleke mbele ya Baraza na jambo litakalomwaibisha.

Daktari wa Mwambao amejibu:

Shikamoo Mwalimu. Nafanya kazi katika kituo cha afya kilicho mwambao wa Ziwa Tanganyika, upande wa Uvinza, na huu ni mwaka wangu wa nne. Si mzaliwa wa huku. Nilisomeshwa kwa mkopo, na kila mwezi hati yangu ya mshahara hunikumbusha hivyo.

Jambo la kwanza ninaloomba uliandike ni kwamba ada ni sehemu tu ya tatizo. Nilisoma miaka mitano katika hospitali kubwa ambako kila nilipokwama palikuwa na bingwa wa kumuuliza, na damu ilikuwa ghorofa ya chini. Juma langu la pili hapa kituoni aliletwa mama aliyekuwa amekaa na uchungu tangu asubuhi ya siku iliyotangulia. Ziwa lilikuwa limechafuka na boti haikuweza kuondoka kwenda hospitali ya mkoa ya Maweni. Nilijua vitabu vinasema nini, na nilikuwa nimeshiriki upasuaji wa aina ile mara nyingi nikiwa mtarajali, yaani katika mwaka wa mafunzo kazini baada ya shahada, lakini sikuwahi kuufanya pasipo mtu nyuma yangu. Aliyenisimamisha imara usiku ule alikuwa muuguzi mkunga mwenye cheti, mwenyeji wa kijiji cha pili, ambaye aliniambia kwa upole nianze maana taa za sola zisingesubiri. Mama na mtoto walipona. Mimi niliandika barua ya uhamisho asubuhi yake, kisha sikuipeleka.

Nasimulia haya kwa sababu halmashauri ikilipa ada ya kijana wa kwenu, halafu kijana huyo akakaa Dar es Salaam miaka sita akijifunza tiba ya jiji, itakuwa imelipa gharama za kumzoesha kuishi mbali nanyi. Thailand waliligundua hilo mapema. Mwaka 1994 walianzisha mpango ambao wizara yao ya afya iliingia ubia na vyuo vikuu: wanafunzi huchukuliwa kutoka mikoani, husoma miaka mitatu ya kwanza chuoni, na miaka mitatu ya mwisho, ile ya wodini, huisomea katika hospitali za mikoa walikotoka. Fedha ya umma haikuishia kwenye ada, bali ilikwenda pia kuzifanya hospitali hizo zifae kufundishia, zikawa na walimu, maktaba na mabweni.

Kuhusu kuchukua wazaliwa wa mahali, hapo mpo kwenye njia sahihi. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mapendekezo yake ya mwaka 2010 juu ya kuwapata na kuwabakiza watumishi wa afya vijijini, suala la kudahili wanafunzi wenye asili ya vijijini lilikuwa miongoni mwa yale yenye ushahidi wa kutosha. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Japani. Kuna chuo kikuu cha tiba kiitwacho Jichi, kilichoanzishwa mwaka 1972 kwa ubia wa mikoa yote 47 ya nchi ile. Kila mkoa hupeleka wanafunzi wachache kila mwaka, ada huhesabiwa kuwa mkopo, na mkopo hufutwa pale mhitimu anapomaliza miaka tisa ya utumishi katika mkoa wake, sehemu kubwa ikiwa vijijini. Asiyetimiza hurudisha fedha zote kwa mkupuo. Wengi sana humaliza mkataba, na takriban asilimia 70 huendelea kubaki katika mikoa yao hata baada ya kuwa huru.

Miaka tisa ni mingi, nakubali. Lakini kanuni yao ni rahisi kuieleza mbele ya Baraza: muda wa masomo, jumlisha nusu yake. Kwa shahada yetu ya miaka mitano hiyo inakuwa kama miaka saba na nusu.

Mkazi wa Ujiji amejibu:

Mbona mnahangaika? MUHAS, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, wanajengewa kampasi hapa Kigoma kupitia HEET, ule mradi wa kuboresha elimu ya juu. Subirini kampasi ifunguliwe na madaktari watakuwepo.

Daktari wa Mwambao amejibu:

Ndugu yangu, naifurahia kampasi hiyo kuliko unavyodhani. Mradi wa HEET ni mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 uliopitishwa mwaka 2021, na ni jambo la heri kwamba sehemu yake imefika mwisho wa reli. Hata hivyo udahili wa vyuo vikuu vyetu ni wa kitaifa. Kijana wa Arusha mwenye alama nzuri atapata nafasi Kigoma kama ambavyo kijana wa Kakonko angeipata Moshi, na akimaliza atarudi kwao, kwa haki kabisa. Kampasi itatusaidia iwapo patakuwa na utaratibu wa kuwasogeza ndani vijana wa mikoa hii, na iwapo wanafunzi watazungushwa katika hospitali za Maweni, Kabanga na Heri, na hata katika vituo kama changu, badala ya kukaa mjini tu.

Afisa Utumishi Mstaafu (Tabora) amejibu:

Mwalimu, hongera kwa kuuliza kabla ya kikao. Wengi huuliza baada ya kikao, mkaguzi akishafika. Nilifanya kazi katika idara za utumishi za halmashauri tatu za Mkoa wa Tabora hadi nilipostaafu, na naomba nizungumzie upande ambao madaktari hawauoni.

Halmashauri haiwezi kumwajiri daktari kwa sababu tu imemsomesha. Nafasi yake lazima iwe ndani ya ikama (idadi ya watumishi) iliyoidhinishwa, bajeti ya mishahara iwe imepitishwa, na kibali cha ajira kitoke Ofisi ya Rais, Utumishi. Baada ya hapo nafasi hutangazwa kitaifa, na waombaji hupangwa bila kuangalia ni nani alilipiwa na nani. Kwa hiyo inawezekana kabisa mkamsomesha kijana wenu kwa miaka mitano, akamaliza utarajali, akaomba kazi, kisha akapangiwa Lindi, ilhali kwenu akaletwa kijana wa Lindi. Hapo mkataba mmeuvunja ninyi, kwa kuwa mliahidi kazi ambayo hamkuwa na mamlaka ya kuitoa. Mwanasheria yeyote wa upande wa kijana atalisema hilo katika dakika tano za kwanza.

Wakati ninaanza kazi haikuwa hivi. Mhitimu wa udaktari alipangiwa kituo na serikali moja kwa moja, akapewa hati ya safari ya treni, akashuka Tabora au Kigoma kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Utaratibu huo ulikoma mwaka 1993, serikali iliposimamisha ajira katika kipindi kile cha kupunguza wafanyakazi, na mikoa ya pembezoni ndiyo iliyoumia zaidi kwa sababu wastaafu wake hawakupata warithi. Sisemi turudi kule. Nasema kwamba kusomesha na kuajiri zilikuwa kamba moja, zikakatwa, na pendekezo lenu linashika ncha moja tu.

Kuna mlango mdogo. Halmashauri huweza kuomba kibali cha kuajiri kwa mkataba kwa kutumia mapato ya ndani, na zipo zinazofanya hivyo kwa wauguzi, matabibu (walio ngazi ya chini ya daktari mwenye shahada) na madereva. Mkitaka mpango huu usimame, fungu la ada na fungu la mshahara wa mkataba yaandikwe katika pendekezo moja, ili siku kijana anapomaliza utarajali apokelewe mara moja huku akisubiri nafasi ya kudumu kupatikana. Gharama itaongezeka. Afadhali Baraza lishtuke leo.

Sasa niseme juu ya mapato yenyewe. Huku kwetu Urambo, Kaliua na Sikonge halmashauri zinategemea sana ushuru wa tumbaku, ambao mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara. Mwaka ambao bei ni nzuri, kila diwani ana mradi wa kupendekeza. Mwaka ambao wanunuzi wamesuasua, hata posho za vikao huchelewa. Kwenye mapato hayo kuna asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo haiguswi, na kuna sehemu iliyoelekezwa kwenye miradi ya maendeleo. Kinachobaki ni kidogo na kina wenyewe. Mwanafunzi wa udaktari, kwa upande wake, hawezi kusimamishwa mwaka wa tatu eti mawese au dagaa hawakuuzika vizuri. Zaidi ya hapo, Baraza la Madiwani lina uhai wa miaka mitano, ilhali mwanafunzi wenu ana miaka mitano ya masomo na mmoja wa utarajali, kwa hiyo Baraza litakaloanza kumlipia halitakuwepo siku anaporudi. Nimeona miradi mizuri ikifa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Dawa yake ni kuweka fedha ya mwanafunzi mmoja, ya miaka yote mitano, katika akaunti maalumu kabla ya kumchukua mwanafunzi wa pili.

Kuhusu adhabu, msiandike kiasi kisichobadilika. Thailand hao hao waliweka faini ya baht 400,000 kwa daktari asiyetumikia miaka yake mitatu. Kiasi hicho kilikaa vile vile kwa miongo mingi, mishahara ikapanda, hospitali binafsi zikaongezeka, na faini ikageuka kuwa nauli ya kuondokea. Andikeni kwamba atarejesha gharama zote pamoja na nyongeza inayopungua kila mwaka anaotumikia, na awe na wadhamini wawili wenye mali isiyohamishika.

Kuna kifungu kimoja ambacho watu huona aibu kukizungumza, nacho ni uhamisho wa kumfuata mwenza. Mkimsomesha yule binti wa mvuvi, akaolewa na mtumishi wa Dodoma, sheria na utu vitadai ahamishwe. Mtafanyaje?

Daktari Asiye na Kituo amejibu:

Nimesoma mjadala huu tangu mwanzo na nimeshindwa kunyamaza. Mimi ni daktari. Nilimaliza shahada, nikamaliza utarajali, nina usajili, na nimekaa nyumbani Tabora mjini zaidi ya mwaka nikiomba kazi kila tangazo linapotoka. Kwa sasa hushika zamu za usiku katika zahanati binafsi kwa malipo ambayo nisingependa mama yangu ayajue.

Mwalimu anataka kuanza na kijana wa kidato cha sita. Hebu tuhesabu: akiingia chuoni mwaka huu, atakuwa tayari baada ya miaka sita, ikiwa hatarudia mwaka wowote. Chumba chenu cha upasuaji kitakaa miaka hiyo yote kikisubiri, wakati wapo watu kama mimi, wamekwisha kusomeshwa kwa fedha ya umma, wanaweza kuripoti Jumatatu. Nchi imekwisha kulipa. Kinachokosekana ni hatua ya mwisho, mshahara, na hilo Mzee wetu wa Utumishi amelieleza vizuri. Tunasikia kila siku kwamba kuna uhaba wa madaktari, na ni kweli ukitazama ikama, lakini upande wetu tunaona uhaba wa nafasi zilizofunguliwa. Naomba pendekezo libadilishwe: fedha ya ada ya wanafunzi watatu itumike kuajiri daktari mmoja kwa mkataba wa miaka mitatu, kuanzia sasa.

Mwalimu wa Kata (Kigoma) amejibu:

Daktari, pole sana, na nashukuru kwa ukweli. Niruhusu nikuulize swali ambalo madiwani wataniuliza mimi: ukipewa mkataba huo kwetu, na mwezi wa nne ukaitwa kwenye ajira ya kudumu mjini, utabaki?

Daktari Asiye na Kituo amejibu:

Mwalimu, umeniuliza kwa heshima nami nakujibu hivyo hivyo. Nisingebaki. Mkataba wa miaka mitatu hauna uthibitisho kazini wala kupanda daraja, na nina wadogo wanne. Labda kama mkataba wenyewe ungesema kwamba baada ya miaka mitatu halmashauri itanilipia masomo ya ubingwa, hapo ningefikiri mara mbili, kwa sababu ubingwa ndio kila mmoja wetu anaoutafuta na ndio unaotutoa vijijini. Wizara ina ufadhili wa masomo ya kibingwa, lakini ushindani wake unaujua mwenyewe.

Bibi Muuguzi (Nzega) amejibu:

Wanangu, nimewasoma wote. Nimefanya uuguzi na ukunga miaka thelathini na minne, sehemu kubwa wilayani Nzega, na nimezalisha akina mama ambao sasa wana wajukuu. Nashangaa kwamba mjadala wa watu wenye elimu kiasi hiki umefika hapa bila mtu kumtaja daktari msaidizi.

Vyumba vya upasuaji vya vijijini nilivyofanya kazi havikuendeshwa na wenye shahada. Viliendeshwa na madaktari wasaidizi, yaani matabibu waliokwisha kutumika vijijini miaka kadhaa, kisha wakarudishwa chuoni miaka miwili kujifunza zaidi, upasuaji wa uzazi ukiwemo. Nchi hii ilianza kuwafundisha mwaka 1963. Hapo kwenu Kigoma, Mwalimu, ule mradi wa uzazi salama ulioanza mwaka 2006 kwa fedha za wafadhili, ambao baadaye uliendeshwa na shirika la Thamini Uhai, uliwatumia hao hao katika vituo vya afya, kwa sababu ndio waliokuwepo na ndio waliokuwa tayari kukaa. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali za mikoa ya Kigoma na Mwanza, ukachapishwa mwaka 2009, uliwalinganisha na madaktari wenye shahada katika upasuaji wa dharura wa uzazi na haukuona tofauti ya maana katika matokeo. Msumbiji walikuwa na kada inayofanana nayo. Walipowafuatilia waliopangwa katika hospitali za wilaya, baada ya miaka saba asilimia 88 ya hao wasaidizi walikuwa bado wapo, na kati ya madaktari hakuna hata mmoja aliyebaki. Hakuna hata mmoja, mwanangu wa Tabora, kwa hiyo usione haya kusema usingebaki. Umesema wanalosema wenzako wote.

Mafunzo ya kada hiyo hapa nchini yalisitishwa, kwa hoja kwamba tunahitaji madaktari kamili. Hoja naielewa. Lakini tuliondoa ngazi kabla ya kupata lifti.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa diwani ni kwamba asianze juu. Aanze na stashahada za miaka mitatu: utabibu, uuguzi na ukunga, na ikiwezekana utoaji wa dawa ya usingizi, maana daktari bila mtu wa kumlaza mgonjwa ni mtazamaji tu. Vyuo viko karibu, Kabanga kwenu Kasulu, Ndala na Nkinga huku kwetu, na mtoto anayesoma Kabanga hulala kwao wakati wa likizo, hunywa maji ya kwao, na wodini hukutana na shangazi yake. Bodi ya Mikopo nayo imeanza kukopesha wanafunzi wa stashahada za afya tangu mwaka wa masomo 2023/24, ingawa si wote wanaopata, kwa hiyo fedha ya halmashauri inaweza kuziba pengo la wengi badala ya kubeba ada nzima ya mmoja. Wafilipino wana chuo kisiwani Leyte, kilichoanza mwaka 1976, ambako mtu huanza na ukunga, akarudi kijijini kutumika, kijiji kikimkubali anarudi kusoma uuguzi, na wachache hufika hadi udaktari. Kijiji ndicho kinachompa barua ya kuendelea. Hilo la barua ya kijiji nalipenda mno, ingawa najua siasa zetu za vijijini na jinsi barua hizo zingeweza kununuliwa.

Na kuhusu binti atakayeolewa Dodoma, Afisa Utumishi, umezungumza kama mwanaume. Mimi niliolewa na mtu wa Shinyanga, na aliyehama alikuwa yeye. Jengeni nyumba ya mtumishi yenye maji na umeme, mtaona ni nani anamfuata nani.

Afisa Utumishi Mstaafu (Tabora) amejibu:

Bibi Muuguzi, nimekubali kosa na nimecheka peke yangu sebuleni. Nyongeza moja ya kiutumishi katika hoja yako: nafasi za matabibu na wauguzi ni rahisi zaidi kuombewa kibali cha mkataba kwa mapato ya ndani, kwa kuwa mishahara yake ni midogo na halmashauri inaweza kuonyesha inamudu. Kwa hiyo njia yako inapita pia kwenye mlango wangu mdogo.

Ila mkataba wa mwanafunzi wa stashahada usizidi miaka minne na nusu, kwa kanuni ile ile ya Jichi. Ukizidi hapo, wazazi watasita kusaini.

Daktari wa Mwambao amejibu:

Nakubaliana na Bibi kwa sehemu kubwa, na yule muuguzi wa usiku ule alikuwa na cheti tu, kwa hiyo nisingethubutu kubishana. Hofu yangu ni moja: tusije tukakubaliana kwamba vijiji vistahili tabibu na miji istahili daktari, halafu tukaita huo uhalisia. Chumba cha upasuaji cha Mwalimu, kwa taratibu za sasa, kinahitaji daktari mwenye shahada, kwa sababu kada iliyokuwa ikikitumikia haifundishwi tena. Basi liwe fungu dogo kwa ajili ya daktari mmoja, na fungu kubwa kwa stashahada. Huyo daktari mmoja asichukuliwe kutoka kidato cha sita. Achukuliwe tabibu aliyekwisha kutumika wilayani miaka mitatu au minne, mwenye ufaulu unaomwezesha kudahiliwa kwa sifa linganishi, yaani stashahada badala ya kidato cha sita, naye asomeshwe udaktari. Matabibu wa namna hiyo wapo, nao wanajua barabara ya masika ilivyo.

Mwalimu wa Kata (Kigoma) amejibu:

Ndugu zangu, nimeandika upya zile kurasa mbili na zimekuwa tatu. Nimeondoa vijana watatu wa shahada kwa mwaka. Badala yake nimependekeza fungu la kuziba pengo la ada kwa wanafunzi wa stashahada za afya waliodahiliwa katika vyuo vya mkoani, kwa mkataba wa miaka minne na nusu, pamoja na tabibu mmoja aliyeko kazini kusomeshwa udaktari, fedha yake yote ikiwekwa katika akaunti maalumu kabla hajaondoka. Nafasi za ajira za mkataba nimeziweka katika aya ile ile ya ada, kama Afisa Utumishi alivyoelekeza, ili anayekubali moja akubali na nyingine. Nyumba ya mtumishi nimeiandika ya kwanza kabisa, Bibi, juu ya ada.

Pendekezo la Daktari wa Tabora nimelitia kama hatua ya mpito: daktari mmoja wa mkataba wa miaka mitatu wakati huyo tabibu akiwa masomoni, na aya inayosema atakayemaliza miaka hiyo aandikiwe barua ya kuombewa ufadhili wa ubingwa. Barua si fedha, najua. Ndicho halmashauri inachoweza kuahidi bila kusema uongo.

Yule binti wa mvuvi hakupata nafasi katika mpango huu, kwa kuwa si tabibu na amekwisha kuanza shahada nyingine. Jana nilimpigia simu nikamweleza. Aliniuliza kama mdogo wake, aliye kidato cha nne mwaka huu, anaweza kuomba uuguzi pale Kabanga, na nikamwambia anisubiri hadi kikao kipite.

Kifungu cha uhamisho wa mwenza bado kiko wazi. Afisa Utumishi, kama una mfano wa mkataba wowote ulioandikwa vizuri, naomba uniwekee hapa kabla ya Ijumaa.